Ulale Ndani, Ushinde Nje: Haibiskasi ya Chunguni na Kipupwe cha Ufipa

Msikilizaji, kila mwaka Juni ikiingia na baridi ikaanza kubana hapa Sumbawanga, wapenda maua hupeana ushauri mmoja: vyungu viingizwe ndani. Haibiskasi ndiyo inayotangulia, kwa sababu kila mtu anajua kuwa lile ua kubwa la petali tano, lenye ulimi mrefu unaochomoza katikati ukiwa umebeba chavua za njano, ni la nchi za joto. Basi chungu kinawekwa kwenye kona, kati ya kochi na televisheni, kinamwagiwa maji kila jioni kwa huruma, na Agosti ikifika yamebaki matawi matupu. Hapo lawama zote zinaelekezwa kwa baridi. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba baridi ya huku kwetu Ufipa, ikiachwa peke yake, ni nadra kuua haibiskasi. Kinachoiua ni udongo uliolowa na kupoa kwa wakati mmoja, ukichanganyika na giza la sebuleni, na mambo hayo mawili tunayaleta sisi wenyewe tukidhani tunauokoa mmea. Ushauri wa kuingiza ndani una nusu ya ukweli. Unafaa usiku, na mchana unadhuru.

Tuelewane kwanza mmea wenyewe ni upi. Sizungumzii rozela, ile inayotoa juisi nyekundu, wengine huiita choya. Hiyo ni ya msimu mmoja. Inapandwa, inavunwa, inakufa, na mbegu zake zinasubiri kwenye kopo hadi mvua nyingine, kwa hiyo haina kipupwe cha kuvushwa. Nazungumzia ile ya mapambo, mti mdogo unaodumu miaka mingi, ambao Linnaeus aliupa jina la kitaalamu Hibiscus rosa-sinensis mwaka 1753, na ambao Malaysia waliufanya ua lao la taifa mwaka 1960. Asili yake ni upande wa Asia, lakini damu ya kwetu nayo imo. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna haibiskasi nyingine, yenye maua yanayoning'inia kwenye kikonyo kirefu na petali zilizochanikachanika. Mwaka 1880 Joseph Hooker wa bustani ya Kew, Uingereza, aliitambua kuwa spishi inayojitegemea, Hibiscus schizopetalus, na tangu hapo wakulima wa maua wameichanganya na ile ya Asia na kupata machotara mengi. Baadhi ya maua tunayonunua kwenye vitalu yana ukoo huo. Mtu anaweza kuuliza hapo: kama ni mmea wa Afrika Mashariki, mbona unaogopa baridi ya Afrika Mashariki?

Jibu liko kwenye mwinuko. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Mbizi upande wa mashariki vinapita mita 2,400. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mmea uliozoea pwani, ukiletwa hapa, unakuwa umehamishiwa mahali pa baridi zaidi kwa nyuzi 10 hivi, hata kabla ya kipupwe chenyewe. Wala huna haja ya kwenda Mombasa au Tanga kulithibitisha hilo. Shuka tu ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze au Ilemba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, umeshuka karibu mita 1,000 na hewa imebadilika. Wakulima wetu wanaijua tofauti hiyo kupitia bamia, ambayo ni ndugu wa haibiskasi kabisa, wa familia moja na pamba. Bamia inayokimbia bondeni huku juu inasimama, inatoa jani moja kwa wakati na kulifikiria kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, huitaja Rukwa pamoja na ndugu zake wa Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Ndiko tuliko, na mmea unalihisi hilo.

Lakini kuihisi baridi na kufa kwa baridi ni mambo mawili. Joto likishuka chini ya nyuzi 15, haibiskasi hupunguza kazi. Haichipui, haifungui maua, na matumba yaliyokwisha kujitokeza huweza kudondoka kabla ya kuchanua. Ikikaa usiku baada ya usiku chini ya nyuzi 10, majani ya chini huanza kuwa njano na kupukutika. Barafu ikiganda juu yake, hapo ndipo hufa kweli, na barafu ya namna hiyo ni habari ya Kitulo kuliko ya mitaa ya Sumbawanga. Hapa mjini usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na kwenye mabonde madogo ambako hewa baridi huteremka na kutuama, hushuka zaidi ya hapo. Kisha jua linachomoza, na mchana joto linapanda tena na kupita nyuzi 20. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kipupwe chetu ni baridi ya saa chache inayofuatwa na mchana mzuri, na mmea ambao kila siku unapata saa kadhaa za jua na vuguvugu una nafasi ya kujirudi.

Sasa linganisheni na hali ya wale walioandika ule ushauri. Vitabu vingi na maelezo mengi ya intaneti kuhusu kuvusha haibiskasi yanatoka Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa watu ambao kuanzia Novemba nje kwao ni barafu. Hawana hiari; wasipoingiza chungu ndani, mmea unakufa usiku mmoja. Wakiuingiza, wanakutana na tatizo la pili, nalo ni mwanga. London katikati ya Desemba mchana haufiki saa 8, na jua la adhuhuri linasimama digrii 15 tu juu ya upeo wa macho. Ndiyo maana wanauweka dirishani, wengine wanawasha taa maalumu juu yake, wanamwagilia kwa nadra, na kuukubali uwe nusu hai hadi Machi. Huku kwetu, kwenye digrii 8 kusini mwa Ikweta, siku fupi kuliko zote mwezi Juni ina mchana wa karibu saa 11 na dakika 40, na jua la adhuhuri linasimama digrii 58, anga likiwa halina wingu. Mwanga tunao wa kumwaga. Anayechukua chungu kutoka kwenye jua hilo na kukifungia miezi mitatu nyuma ya pazia zito ameununua msimu wa baridi wa London na kuuleta Sumbawanga.

Na sebule zetu ni za giza kuliko tunavyodhani. Jicho la binadamu lina tabia ya kujirekebisha. Ukikaa ndani dakika chache unaona chumba kina mwanga wa kutosha, hata gazeti unasoma. Mmea hauna jicho la kuudanganya. Unahitaji mwanga ili kutengeneza chakula chake, na mwanga huo hupungua haraka mno unapoondoka dirishani. Mita mbili kutoka kwenye dirisha dogo lenye wavu wa mbu, nondo na mapazia mawili, kinachobaki ni sehemu ndogo sana ya kile kilichopo nje. Haibiskasi ni mmea wa jua kali, si wa kivuli. Ikikosa mwanga inafanya hesabu ya kawaida: majani isiyoweza kuyalisha inayaachia. Wenye nyumba wakiona majani sakafuni wanasema baridi imeingia hadi ndani, wanausogeza mbali zaidi na dirisha, na mmea unazidi kufifia.

Lakini giza lenyewe huua taratibu. Muuaji wa haraka ni maji. Mzizi wa haibiskasi, kama mizizi mingi, unahitaji hewa. Unapumua oksijeni iliyo kwenye vinafasi vya udongo. Udongo ukijaa maji, vinafasi hivyo vinaziba. Katika miezi ya joto hali hiyo haidumu, kwa sababu majani yanavuta maji kwa nguvu na jua linakausha chungu, na kesho yake hewa imerudi. Kwenye kipupwe majani yameacha kuvuta, udongo una baridi, mizizi iliyopoa inafyonza polepole, na chungu kilichomwagiliwa Jumatatu jioni bado kimelowa Ijumaa. Ndani ya udongo huo wa baridi usio na hewa, vimelea vya kuozesha mizizi vinapata karamu. Mzizi ukioza hauwezi tena kupeleka maji juu, na majani yanalegea na kuwa njano, sura ileile ya mmea wenye kiu. Mwenye chungu anaona kiu, anaongeza maji. Ni sawa na kumrundikia ugali mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula, kisha kushangaa kwa nini hanenepi.

Kwa hiyo katika miezi hii usiuamini uso wa udongo wala rangi ya majani. Zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo baridi ulioganda kwenye ngozi, acha, rudi baada ya siku mbili tatu. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha usiguse tena hadi kidole kitoke kikavu kwa mara nyingine. Aliyezoea chungu chake anaweza hata kukiinua tu; kilichojaa maji kina uzito unaojulikana mkononi. Ukiwa na shaka kuwa mizizi imeshaoza, ukitoe chungu pembeni, uuchomoe mmea taratibu na utazame. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia, ukiuvuta kwa vidole viwili ganda lake linavuka na kubaki uzi mwembamba katikati, na udongo unanuka kama mtaro. Maji nayo yamwagwe asubuhi, jua likishapanda, si jioni. Na kama ya bomba yanauma mikono kwa ubaridi, yatulie kwanza kwenye ndoo juani. Sahani iliyo chini ya chungu imwagwe kila mara, kwa sababu ya mizizi na kwa sababu mbu hawabagui maji ya kuzalia.

Nikisema mmea ulale ndani na ushinde nje, sina maana ya ndani kwa ndani. Sehemu kubwa ya baridi inayoupata mmea usiku inatoka juu. Kwenye usiku usio na mawingu, kitu chochote kilichoko chini ya anga tupu hupoteza joto lake kwenda angani, na jani linaweza kuwa na baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Ushahidi mnao kila asubuhi ya Juni: gari lililolazwa uwanjani limelowa umande kioo kizima, lililolazwa chini ya banda ni kavu, nyasi za wazi zimelowa, zilizo chini ya mwembe hazikulowa. Hewa ni ileile, tofauti ni paa. Kwa hiyo kinachohitajika kwanza ni kitu cha kuukinga mmea na anga, na upenu wa bati unatosha kwa usiku mwingi. Kuta za matofali ya kuchoma zina faida ya pili, kwa kuwa zinakunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Na hapa kuna jambo linalosahaulika. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta na dirisha la kutumia ni lile linalotazama upande wa Mpanda, si wa Tunduma. Bahati nzuri upande huohuo unakingwa na upepo mkavu wa kusini mashariki, ambao Julai na Agosti hukausha majani na kuvunja matawi laini bila kujali kipimajoto kinasema nini.

Watu watasema, na wana haki, kwamba nani ana muda wa kubeba ndoo ya udongo asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Chungu cha lita 20 kikiwa na maji si mzigo wa mchezo, na wengi wetu tunaotumia ndoo za rangi zilizotobolewa tunajua ule mshikio unavyokata kiganja. Basi usibebe. Weka chungu chini ya upenu, ukiwa umekiegemeza kwenye ukuta wa kaskazini, kikalie matofali mawili badala ya sakafu ya saruji inayonyonya joto, na kiache hapo hadi Septemba. Usiku ambao baridi imezidi, tupia gunia au shuka kuukuu juu ya mmea na uliondoe asubuhi. Mwenye chungu kidogo atabeba, mwenye dirisha pana la kaskazini atakiweka mbele ya dirisha hilo, pazia likiwa wazi mchana, na atakigeuza mara moja kwa wiki. Zote hizo ni njia za kupata mambo yaleyale: paa usiku, jua mchana, mizizi isiyotota. Kona ya nyuma ya kochi haitoi hata moja kati ya hayo isipokuwa paa.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi. Mtu atasema: mbona kuna haibiskasi zilizopandwa ardhini, kwenye ua wa nyumba na mbele ya ofisi, zinaishi hapahapa Sumbawanga bila kuingizwa popote? Ni kweli, na ni ushahidi unaonisaidia mimi kuliko unavyonipinga, kwa kuwa unaonyesha baridi yetu haiui. Lakini zitazameni hizo za ardhini mwezi Julai. Majani ni madogo na yamefifia, maua ni ya kuhesabu, na uhai wenyewe unarudi Oktoba. Zinavumilia kwa sababu mizizi yake imekwenda chini, na ardhi nusu mita kwenda chini joto lake halibadiliki kati ya mchana na usiku. Chungu hakina kina hicho. Udongo wa lita 10 umezungukwa na hewa pande zote, na kabla jogoo hajawika umeshapoa hadi katikati. Kwa hiyo mwenye kiwanja chake na apande ardhini, mahali pasipotuama maji, aachane na habari za vyungu. Ila mji huu umejaa wapangaji, walimu na watumishi wanaoweza kupata barua ya uhamisho wakati wowote, na mpangaji hapandi mti kwenye uwanja wa mwenye nyumba akatarajia kuondoka nao. Hao ndio wenye vyungu, na hao ndio ninaozungumza nao.

Wengine wanaogopa kulala chumba kimoja na mmea, kwa madai kuwa usiku unameza hewa. Ni kweli mmea ukiwa gizani hutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa, kama kila kiumbe hai kinachopumua. Lakini kiasi chake ni kidogo sana. Mtoto mmoja aliyelala kitanda cha pili anatumia kingi zaidi kuliko vyungu vyote vinavyoweza kuenea chumbani. Hofu hiyo ingehamishiwa kwingine ingefaa zaidi. Kipupwe kikibana, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba moto, na wapenda maua wamo. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni, na mtu hulala asiamke. Hakuna ua linalostahili jiko la mkaa chumbani usiku. Wala mmea wenyewe hauhitaji. Joto kavu la ghafla linaloupiga upande mmoja linadondosha majani kama baridi inavyodondosha.

Hapa Rukwa tunalima mahindi, kwa hiyo jani likiwa njano mkono wa kwanza unakwenda kwenye mfuko wa mbolea. Mahindi yakifanya hivyo tunaweka mbolea ya kukuzia, kwa nini haibiskasi isipewe kijiko cha urea? Kwa sababu mahindi yanakuwa njano mvua ikinyesha na mmea ukiwa kwenye mbio. Yana njaa kweli. Haibiskasi ya Julai imesimama. Chumvi za mbolea ambazo mizizi haikuzichukua zinabaki chunguni, zinazidi kukolea kila udongo unapokauka, na mwisho zinaunguza ncha za mizizi zilizobaki. Mbolea isubiri hadi machipukizi mapya yaonekane, Septemba au Oktoba, na ianze kwa kiasi kidogo. Kitu cha maana zaidi ni udongo wenyewe, kwa sababu udongo unaoshikamana kama wa kufyatulia tofali hautamsamehe hata anayemwagilia kwa busara. Wafipa si wageni wa jambo hili. Katika kilimo cha ntumba, nyasi hugeuzwa na kufukiwa ndani ya vituta vya mviringo mvua zikielekea kuisha, zinaoza humo, na msimu unaofuata vituta vinatawanywa na kupandwa vikiwa vyeusi na laini. Udongo wa namna hiyo, ukichanganywa na mchanga wa chenga kubwa na samadi iliyooza sawasawa, isiyochoma mkono, ndio wa kujaza chunguni. Unashika maji kiasi na kuachia mengine.

Wadudu sitawakalia sana. Hewa kavu ya kiangazi na vumbi la barabarani huleta utitiri, wanaofuma utando mwembamba chini ya majani na kuyafanya yawe na madoadoa meupe. Inzi weupe, vidukari na vidung'ata nao hupenda mmea uliochoka. Nguzo ya kinga ni kitambaa kilicholowa kinachopita chini ya kila jani mara moja kwa wiki, na wakizidi, povu jepesi la sabuni ya kipande linalosuuzwa baada ya muda mfupi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, tafuta vidukari juu. Sisimizi hawapandi bure, wanafuata utamu wanaoutoa vidukari. Sumu za kupulizia shambani zibaki shambani, hasa kwa mmea unaolala nyumba moja na watoto.

Limebaki suala la mkasi, na hapa ndipo wenye subira ndogo wanapoharibu kazi ya miezi mitatu. Haibiskasi huchanua kwenye tawi jipya, na ua moja hudumu siku moja tu, au mbili kwa baadhi ya machotara, kwa hiyo wingi wa maua unategemea wingi wa ncha mpya. Kupogoa ni lazima. Lakini ukipogoa Juni au Julai kwa kuwa matawi yanaonekana mabaya, unaamsha machipukizi laini katikati ya baridi, ambayo hayana nguvu ya kuistahimili, na mmea unapoteza akiba uliyoiweka kwenye shina. Subiri mwishoni mwa Agosti au Septemba, usiku ukianza kupata joto. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, tawi ni zima hata kama halina jani, ukiona kahawia na ukavu, kata hadi ufike kwenye kijani. Fupisha matawi mazima kwa theluthi moja, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na kama mizizi imezunguka chungu kizima, huu ndio wakati wa kuuhamishia kikubwa zaidi kwa ukubwa wa vidole viwili hivi, si pipa. Chungu kikubwa kupita kiasi kinashika maji mengi yasiyo na mzizi wa kuyanywa, na tunarudi kwenye ugonjwa uleule. Maua yatakuja baada ya miezi miwili hivi tangu kupogoa, wakati ambapo mvua za Novemba zinaanza, na kuanzia hapo hadi Aprili chungu kikae nje moja kwa moja, matundu yake yakikaguliwa yasizibwe na matope.

Kwa wasikilizaji wa Muze, Kirando na Kasanga, mlioko kwenye mita 800 kando ya maziwa yetu mawili, karibu yote niliyosema kuhusu usiku hayawahusu. Haibiskasi yenu itachanua Julai ikiwa uwanjani, na kosa la kwenu ni kinyume cha la Sumbawanga: chungu cheusi cha plastiki juani mwezi Oktoba, kabla ya mvua, hukauka kabla ya adhuhuri. Ninyi mwagilieni asubuhi, na kidole kikisema jioni, jioni pia.